Nani Alipie Barabara ya Dindira?

Kata ya Dindira iko katika ukingo wa kusini wa milima ya Usambara Magharibi, wilayani Korogwe, mkoani Tanga, mahali ambapo mashamba ya chai ya Dindira na ya jirani yake Ambangulu yamepakana na migomba, mahindi na maharage ya wakulima wadogo, na ambapo kila kinachouzwa, na karibu kila kinachonunuliwa, hakina budi kushuka au kupanda mlima. Mji wa Korogwe, ulioko bondeni kando ya mto Pangani katika mwinuko wa mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, ndiko kuliko na soko kubwa, Hospitali ya Magunga, ofisi za serikali na barabara kuu ya lami iendayo Arusha upande mmoja na Dar es Salaam upande mwingine. Kati ya bonde hilo na vijiji vya juu ipo barabara moja inayotegemewa kuliko zote, nayo ni ile inayotoka Soni, wilayani Lushoto, ikapita Bumbuli na Dindira hadi Korogwe, yenye urefu wa kilomita 74 hivi, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya udongo na changarawe, na ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa katika mipango ya serikali ya kujenga kwa lami.

Katika vijiji vya namna hiyo hakuna anayebisha kwamba barabara ni mbaya. Kinachobishaniwa ni nani alipie. Wapo wanaoshikilia kwamba barabara ni kazi ya serikali na kwamba mwananchi amekwisha kulipa kodi. Wapo wanaoelekeza kidole kwenye mashamba makubwa na wenye malori, kwa kuwa ndio wanaoichakaza. Wapo walio tayari kutoa nguvu zao kwa jembe na sururu lakini si fedha taslimu. Na wapo ambao wangetoa hata fedha, kwa sharti kwamba zisitoke nje ya kijiji. Wachumi wanaopima maoni ya aina hii hutumia istilahi ya utayari wa kulipa, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho mtu angekubali kukitoa ili apate huduma fulani au iboreshwe, na huutafuta kwa kumuuliza moja kwa moja au kwa kuangalia anachokifanya anapokabiliwa na bei. Kipimo hicho kina kasoro moja kubwa kikipelekwa mlimani, kwa sababu humchukulia mkazi kama mtu ambaye hajaanza kulipa, ilhali mkulima wa Dindira huilipia barabara yake karibu kila siku, kwa njia ambazo hazionekani kwenye stakabadhi yoyote iliyoandikwa neno barabara. Mtu wa namna hiyo akisita kutoa mchango mpya, kusita kwake hakuna budi kusomwa kama hesabu kabla ya kuitwa ubahili.

Njia ya kwanza, na iliyo kubwa, ni mafuta. Tanzania ina Mfuko wa Barabara, ambao ni akaunti maalumu ya fedha za matengenezo inayosimamiwa na bodi yake, ulioanzishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 1998 ili fedha za barabara zisichanganyike na matumizi mengine ya serikali. Chanzo chake kikuu ni tozo inayokatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli, iliyokuwa shilingi 263 hadi mwaka 2021, ambapo ziliongezwa shilingi 100 zilizokusudiwa barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya wakala wake, TARURA, na kuifanya ifike shilingi 363. Kabla ya hapo, mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilikuwa imefutwa na badala yake ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita, na mwaka 2023 zikaja shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa ya kitaifa. Asiye na gari hudhani kwamba mambo haya hayamhusu, lakini nauli ya pikipiki ndimo yalimofichwa. Tuseme kijana wa bodaboda anachoma lita 2 kwa siku: kwa tozo ya barabara peke yake atakuwa amelipa shilingi 726, na akifanya kazi siku 25 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 217,800 kwa mwaka. Kijiwe chenye pikipiki 20 za namna hiyo kingekuwa kimechangia shilingi 4,356,000, na fedha hizo zote zimetoka mfukoni mwa abiria, wakiwamo mama aliyepeleka mkungu wa ndizi sokoni na mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo.

Njia ya fedha hizo kurudi mlimani ni ndefu, na kuna mahali inapogawanyika kwa namna inayowachanganya hata viongozi wa vijiji. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanza kazi mwaka 2000, nao unasimamia mtandao wa zaidi ya kilomita 36,000. Barabara za wilaya na vijiji zilikuwa chini ya halmashauri hadi mwaka 2017, zilipokabidhiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ambao sasa unahesabu zaidi ya kilomita 144,000, na za lami ni sehemu ndogo mno. Mgawo wa msingi wa mfuko umekuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa na asilimia 30 kwa za wilaya, ingawa hizi za pili ni ndefu mara nne. Nyongeza ya shilingi 100 ya mwaka 2021 ilikusudiwa kupunguza pengo hilo. Kwa mkazi wa Dindira maana yake ni kwamba barabara ya Soni hadi Korogwe ina mwenyewe mmoja, na kichochoro kinachotoka kijijini kwake kwenda kuungana nayo kina mwenyewe mwingine, na diwani anayemlilia kila mara hana mamlaka ya moja kwa moja juu ya yeyote kati ya hao wawili. Madiwani sehemu nyingi nchini wamelalamika tangu TARURA ianzishwe kwamba wanaulizwa na wapiga kura kuhusu kazi wasiyoipangia bajeti, na lalamiko hilo lina uzito, kwa sababu mtu aliye karibu na mlipaji ndiye aliyenyang'anywa rungu.

Njia ya pili ya kulipa ni bei ya shambani, yaani bei anayopewa mkulima mazao yakiwa bado kijijini. Mchuuzi anayepanda mlima na fuso hufanya hesabu yake kwa kurudi nyuma: huanza na bei ya soko la Korogwe au la Dar es Salaam, akatoa gharama ya lori, mafuta, vibarua, tairi atakayoipasua na siku atakayolala njiani endapo mvua itanyesha, na kilichobaki ndicho anachompa mkulima. Kila shimo la barabara, kwa hiyo, hulipiwa na mwenye shamba, hata kama lori si lake na shimo halijui. Kwa kuwa usafiri hutozwa kwa gunia, mchuuzi naye hudai gunia lishindiliwe na kushonewa kilemba, ndiyo lumbesa ambayo Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana nayo kwa miaka mingi. Mkulima akiikubali, amelipa gharama ya barabara kwa debe zima la ziada.

Juu ya hayo kuna ushuru wa mazao, ambao hutozwa na halmashauri ya wilaya kwa mnunuzi kwa asilimia ya thamani ya zao. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiofika tani 1 akaondolewa kabisa. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli kwa mwenye mikungu yake mitatu juu ya pikipiki. Hata hivyo mwenye fuso aliendelea kulipa na kuendelea kumkata mkulima, na fedha ziliingia kwenye mfuko wa halmashauri, yaani chombo ambacho mwaka huohuo kilikuwa kimekwisha kuondolewa kwenye kazi ya kutengeneza barabara. Ni vigumu kumweleza mtu kwamba ushuru anaokatwa kwenye geti la mazao hauhusiani na barabara ambako geti hilo limewekwa, na pengine hakuna sababu ya kumlaumu anapokataa kuelewa.

Chai huongeza ukali wa hesabu hii kwa sababu ya tabia ya jani lenyewe. Jani bichi likishachumwa huanza kunyauka na kupata joto, na likikaa muda mrefu likiwa limebanwa katika gunia au kwenye tela, huanza kuchacha kabla ya kufika kwenye mashine, likapoteza daraja na bei. Ndiyo sababu viwanda vya chai hujengwa katikati ya mashamba na majani hukusanywa siku ileile ya kuchumwa. Mkulima wa mahindi ambaye barabara imekatika anaweza kungoja wiki moja akiwa na ghala kavu, lakini mkulima wa chai akingoja usiku mmoja amekosa mavuno ya siku nzima. Barabara peke yake, hata hivyo, haitoshi. Kiwanda cha Mponde, ambacho kiko jirani, katika Halmashauri ya Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 baada ya mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, na serikali ikakirejesha mikononi mwake mwaka 2016. Katika miaka ambayo mashine zake zilikuwa kimya, wakulima wadogo waliobaki na majani yasiyo na mnunuzi walijifunza kwamba hata njia nzuri ya kwenda kiwandani haina faida ikiwa kiwanda chenyewe kimefungwa. Anayeuliza utayari wa kulipa miaka ya namna hiyo hupata jibu dogo, na jibu hilo huwa linahusu bei ya jani kuliko barabara.

Njia ya tatu ni nguvu za mwili, na hii ina historia ndefu inayoeleza kwa nini watu wa Usambara hulipokea wazo la kuchangia kwa tahadhari. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kwa lengo la kuyafikia mashamba ya walowezi wa Kijerumani. Na kutoka Mkumbara hadi New Hornow, juu kule Shume, kampuni ya Wilkins und Wiese ilijenga njia ya kamba za chuma angani ili kushusha magogo ya miti ya msitu. Tatizo la kupanda na kushuka Usambara, kwa maneno mengine, lilipata ufumbuzi wa kihandisi zaidi ya miaka 100 iliyopita, isipokuwa kwamba ufumbuzi huo ulikuwa kwa ajili ya mbao. Wakazi wenyewe waliikuta serikali ya Wajerumani katika sura ya kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897, ambayo asiye na fedha aliilipa kwa kazi, na barabara zilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Waingereza nao, baada ya vita vya pili vya dunia, waliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika mashamba yao, mpango ulioanzia Mlalo na ulioamsha upinzani mkubwa katika miaka ya 1950, wakati ule chama cha TANU kilipokuwa kinatafuta wanachama vijijini. Kazi ya pamoja isiyo na ujira ilikuwa imekwisha kupata jina baya kabla Uhuru haujaja kuisafisha.

Baada ya Uhuru kazi hiyo ilirudi kwa sura ya kujitegemea, na katika Tanga na Kilimanjaro huitwa msaragambo: siku iliyotangazwa na uongozi wa kijiji au kitongoji, ambayo kila kaya hutoa mtu mmoja mwenye jembe, wakafukia mashimo, wakazibua mitaro na kuweka mawe pale gari linapozama. Utaratibu huo bado unaishi, na thamani yake ni kubwa kuliko inavyoandikwa, lakini una mipaka yake. Wanaofika huwa ni walewale, mara nyingi wanawake na wazee, huku mwenye gari akituma elfu chache au asitume kitu. Na udongo uliowekwa shimoni kwa mkono bila kushindiliwa huondoka na mvua ya kwanza nzito. Upande wa fedha, kodi ya maendeleo iliyokuwa ikidaiwa kila mtu mzima ilifutwa mwaka 2003 baada ya miaka mingi ya mgambo kuwakimbiza wadaiwa, na tangu hapo kijiji hakina kodi ya kichwa. Kilichobaki ni mchango wa hiari unaopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa za wilaya ni mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Katika mkutano huo ndiko maoni ya wakazi yanakopaswa kupatikana, na ndiko pia yanakokosekana pale mahesabu ya mchango uliopita yasiposomwa.

Njia ya nne ni muda na uhai, na hii hailipwi kwa usawa ndani ya nyumba moja. Tafiti za usafiri wa vijijini zilizofanyika wilayani Makete katika miaka ya 1980, chini ya mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, zilionyesha jambo ambalo wahandisi hawakulitarajia: sehemu kubwa ya safari za kaya ya kijijini haigusi barabara ya magari kabisa, bali hupita kwenye vijia vya kwenda kisimani, porini kutafuta kuni, mashineni kusaga na shambani, na mzigo mkubwa wa safari hizo uko juu ya vichwa vya wanawake. Kwa hiyo mume na mke wakiulizwa katika nyumba moja kipi kitengenezwe kwanza, yawezekana kabisa mume akataja barabara ya Korogwe na mke akataja daraja la miti la kuvukia kijito, na wote wawili wakawa sahihi. Pale wanapokutana ni kwenye ugonjwa. Mjamzito aliyepata shida usiku hana budi kupelekwa Magunga au hospitali ya Bumbuli, na mpango wa m-mama, unaomwezesha mhudumu au ndugu kupiga namba 115 bila malipo na kutafutiwa gari la dereva wa jamii aliyesajiliwa pale gari la wagonjwa lisipopatikana, umeondoa kikwazo cha nauli, lakini hauwezi kulivusha gari kwenye utelezi.

Je, Mtanzania huchukia kulipia usafiri? Ushahidi hauonyeshi hivyo. Daraja la Kigamboni jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2016 baada ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kutoa asilimia 60 ya gharama na serikali asilimia 40, lilianza kulipiwa tozo mwaka huohuo, na wakazi walipita na kulipa huku wakilalamika hadi mwaka 2022 viwango viliposhushwa. Lalamiko lao kuu lilikuwa la ulinganifu: kwa nini mkazi wa Kigamboni alipie daraja la kwendea kazini wakati wa Kinondoni na Ubungo hutumia barabara za juu bure? Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, ambayo ilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa, ilipata upinzani mkali zaidi, ikapunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya miezi michache, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma. Ajabu ni kwamba sheria ileile ya fedha ya mwaka 2021 ndiyo iliyoongeza shilingi 100 kwenye lita ya mafuta, na kelele zake zilikuwa ndogo mno ukilinganisha. Tozo ya simu ilionekana kwenye ujumbe mfupi kila mara mtu alipomtumia mzazi fedha, ilhali ya mafuta ilijificha ndani ya bei. Serikali yoyote hushawishika na fundisho hilo kwamba kodi iliyofichwa ni tulivu, lakini utulivu huo una gharama yake, kwa kuwa mlipaji asiyejua kwamba analipa hana nguvu ya kudai kazi ifanyike.

Nchi nyingine zimeionja hali hii kwa namna yake. Jiji la Stockholm lilipotaka kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, wakazi wengi walipinga. Badala ya kubishana, tozo ilijaribiwa kwa miezi 7 mwaka 2006, foleni zikapungua waziwazi, na katika kura ya Septemba mwaka huo wengi wa wakazi wa jiji wakaikubali. Katika wilaya ya Santa Clara, jimboni California, wapiga kura waliridhia mwaka 1984 nyongeza ya nusu senti kwa dola kwenye kodi ya mauzo kwa ajili ya barabara kuu tatu zilizotajwa kwa majina, na kwa miaka 10 tu, baada ya hapo ikome. Dindira si Stockholm, na mkulima wa maharage halinganishwi na mwajiriwa wa California. Kinachofanana ni kwamba katika kila mfano watu waliona matokeo kabla ya kuombwa kuiridhia tozo, au waliambiwa kwa jina ni barabara ipi na mpaka lini.

Suala la nani anayeiharibu barabara nalo halikwepeki, kwa sababu vijijini ndilo hujitokeza kwanza. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara za lami na zege haupandi sambamba na uzito wa gari: uzito wa ekseli, yaani mhimili wenye magurudumu, ukiongezwa mara mbili, uharibifu huongezeka mara 16 hivi. Kanuni hiyo haihamishiki kama ilivyo kwenye barabara ya udongo, ambako maji ndiyo adui mkubwa zaidi, lakini mwelekeo wake unaeleweka kwa yeyote aliyeona mifereji inayoachwa na lori la magogo baada ya mvua. Pikipiki 1,000 haziachi alama ya lori moja. Tozo ya lita haizingatii hilo kikamilifu, kwani lori hutumia mafuta mengi kuliko pikipiki lakini si kwa kiasi kinachokaribia madhara yake. Kwa hiyo wanaosema kwamba wenye malori na mashamba makubwa watoe zaidi wana hoja ya kihandisi, mbali na hoja ya haki. Tatizo la hoja yao ni lilelile la lumbesa, kwamba mwenye lori akibanwa pasipo ushindani wa wasafirishaji, atamkata mkulima.

Mjadala wote huu hupotoka pale panapodhaniwa kwamba chaguo ni lami au matope. Kilomita moja ya lami mlimani, penye kona, mawe na makaravati mengi, ni ghali mno, na kijiji kinachoambiwa kingoje lami huacha kudai kitu kingine chochote. Katika barabara ya Lawate hadi Kibongoto, wilayani Siha, mkoani Kilimanjaro, yalifanyika majaribio ya kuweka tabaka gumu mahali penye mwinuko mkali na utelezi tu, kwa njia mbalimbali, ikiwamo vipande viwili vya zege vinavyofuata njia ya magurudumu, huku sehemu tambarare zikiachwa na changarawe. Mantiki yake ni nyepesi: gari halikwami kilomita zote, hukwama kwenye vilima viwili au vitatu, na changarawe iliyomwagwa kwenye mteremko mkali husombwa msimu mmoja, kwa hiyo kuirudisha kila mwaka ni kutupa fedha. TARURA nayo imekuwa ikijenga madaraja ya mawe ya upinde, teknolojia iliyosambaa kutokea Kigoma, ambayo hutumia jiwe la hapohapo na fundi wa hapohapo kwa gharama ndogo kuliko daraja la nondo na saruji tupu. Usambara haina uhaba wa jiwe.

Upande wa Handeni, wilaya jirani, wakazi wanaona mfano mwingine. Barabara za lami za Korogwe hadi Handeni na Handeni hadi Mkata zimebadilisha biashara ya mahindi, ingawa mvua za Oktoba 2019, zilizoua watu na kukata barabara katika eneo hilo, zilikumbusha kwamba lami bila madaraja imara haizuii kitu. Handeni pia ni miongoni mwa wilaya 6 zilizochaguliwa katika mradi wa RISE, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 ulioidhinishwa mwaka 2021, ambao pamoja na kujenga unaweka utaratibu wa vikundi vya wanajamii kulipwa kwa matengenezo ya kawaida, yaani kufyeka kando ya barabara, kuzibua mitaro na makaravati na kuziba mashimo madogo kabla hayajawa makubwa. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inatenga asilimia 30 ya zabuni za taasisi za umma kwa vikundi maalumu vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na kwa hiyo msaragambo unaweza kupata mkataba bila kungoja mradi wa nje. Mtu aliyekuwa akiombwa kutoa nguvu bure analipwa kwa tozo aliyoilipa mwenyewe kwenye nauli, na sehemu ya zile shilingi 363 inarudi mlimani ikiwa na anwani.

Hilo lingebadilisha pia namna ya kuwauliza wakazi maoni yao. Mkutano mkuu unaoulizwa watu watatoa kiasi gani utajibu kwa ukimya au kwa ahadi isiyotimizwa, lakini mkutano unaoletewa karatasi tatu, yaani fedha ambazo TARURA imezitenga kwa kata mwaka huo, ushuru wa mazao uliokusanywa kutoka katika kata, na orodha ya vilima vinavyokwamisha magari, unaweza kubishana juu ya jambo lenye kushikika: zege lianzie kilima kipi, na nani ashike mitaro baada yake. Hata ratiba ingejadiliwa humo, kwa maana mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, taratibu za zabuni hula miezi ya kiangazi, na mkandarasi akifika mlimani mvua za vuli za Oktoba huwa zimekwisha kumtangulia. Masika nayo huanza Machi. Katikati ya misimu hiyo miwili kuna Januari na Februari, ambapo udongo umekauka kiasi cha kuchimbika na mitaro inaweza kuzibuliwa kwa majembe yaliyopo bila greda wala zabuni kubwa, na mkataba wa kikundi cha Dindira ungetakiwa kuanza kuhesabu siku zake za kazi kutoka hapo.